Migeuzo ya Fidla kwa Wimbo wa Kuchambulia Karafuu

Binamu yangu alirudi Pemba na shali shingoni. Kwetu Wete mtu akivaa shali kwenye joto lile huulizwa kama koo linamuuma, na majirani walimuuliza kweli, mmoja baada ya mwingine, naye akawajibu wote kwa tabasamu la mtu aliyezoea kutazamwa. Kisha akapanda barazani kwangu akanikumbatia, mimi mke wa mtu, mchana, mbele ya wazee wanaokunywa kahawa. Nilimwacha amalize. Ameishi Ulaya miaka mingi na anapenda tusilisahau hilo hata dakika moja.

Ni mtoto wa mjomba wangu, mdogo kwangu kidogo. Tulisoma pamoja chuo cha muziki Unguja tulipokuwa vijana, mimi fidla, yeye piano. Alikuwa mpigaji wa kawaida tu. Vidole vyake vilikuwa vizito, na kila akikosea alifumba macho ili tudhani amezama kwenye hisia. Mwalimu wangu, mama wa Kizungu asiyecheka, alinipigisha mazoezi mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Mwalimu wake yeye alimpenda kwa sababu alijua kuzungumza, na nafasi ya kwenda kusoma nje ilipotokea ilikwenda kwa aliyejua kuzungumza. Mimi nikarudi Wete, nikaolewa, nikawa mwalimu wa jiografia sekondari. Mpaka leo napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu, harusini na sikukuu, nimekaa nyuma ya mwimbaji ambaye hajapata hata mara moja kuingia kwa wakati.

Alikuwa amekuja, alisema, kuandika kazi kubwa ya maisha yake. Itakuwa ya fidla, besi na piano. Itachanganya muziki wa klasiki na jazi juu ya mizizi yetu. Neno hilo mizizi alilitumia kila baada ya sentensi mbili, mtu ambaye sijapata kumwona aking'oa hata muhogo.

"Na mpigaji ni wewe, dada," alisema. "Simwoni mwingine."

Nilikubali, na nataka ieleweke kwamba hakunishawishi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitikia waimbaji kwa vipande vilevile, na vidole vyangu vilikuwa vimelala. Mtu mwenye njaa hula hata mkate wa jana.

Mchezo wenyewe, huu wa migeuzo, haukuwa wake. Watunzi wa huko nje wanaucheza siku nyingi, na wako wanaoucheza vizuri. Unachukua wimbo mmoja mfupi, unaupiga mara ya kwanza kama ulivyo ili msikilizaji aujue sura. Halafu unaugeuza. Mgeuzo wa kwanza unauvalisha nguo za Kizungu za zamani, noti ndogondogo zinakimbizana kwa adabu, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mgeuzo wa pili fidla inapiga nyuzi mbili kwa pamoja, kama watu wawili wanaoimba. Ukifika wa tatu au wa nne unaleta jazi. Mapigo yanaanza kuchechemea, noti moja ndefu, inayofuata fupi. Besi inatembea hatua kwa hatua chini yake. Piano inajaza kila sauti kwa sauti nyingine za ziada mpaka wimbo unanenepa. Kisha vinafuata vituko vya ufundi: mkono wa kushoto unadonoa nyuzi wakati wa kulia unavuta upinde, sauti za juu kabisa zinatoka kama filimbi, na mwishoni kila kitu kwa pamoja na kwa mbio, watu wapige makofi. Klasiki inatoa ugumu, jazi inatoa udhuru. Ukikosea mahali, unasema hapo palikuwa pa jazi.

Kilichobaki kilikuwa wimbo, na alitaka wa kwetu. Nilimpeleka kwa mama yangu, kijijini Mtambile.

Mama alikuwa ukumbini na majamvi yake ya karafuu, na wanawake watatu wa jirani wanamsaidia kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Binamu akamwamkia kwa unyenyekevu mkubwa, shikamoo shangazi, akavua viatu, akakaa chini kwenye makonyo na suruali yake nyeupe. Akaeleza kwa nini amekuja. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Jazi," alisema. "Ile ya matarumbeta?"

Alikuwa anazikumbuka bendi za dansi za ujana wake. Binamu akamwambia hapana, hii ni jazi nyingine, ya kusikiliza. Mama akauliza sasa watu watakuwa wanafanya nini. Watakaa, binamu akajibu, watasikiliza. Mama akanitazama mimi, kisha akaanza kuimba, kwa sababu mgeni ameomba.

Wimbo wenyewe ni wa kuchambulia karafuu na ni wa mzaha. Mke mkubwa anamsema mke mwenza kwamba hajui kupika, masufuria yake yameungua mpaka paka amehama nyumba. Beti zinaendelea hivyo, kila moja na chombo kilichoharibika, na wanawake wanaitikia kwa kucheka. Mama anauimba polepole kwa sababu ndivyo ulivyo mwendo wa mikono katika kazi ile, wala si kwa sababu ya huzuni yoyote. Kuna sauti moja katika wimbo huo ambayo huwekwa katikati, si juu wala si chini, mahali ambapo piano haina kitufe. Sisi wa taarabu tunaijua. Udi unaipiga, kanuni yenye nyuzi nyingi inaipiga, fidla inaipiga, na ina jina lake la Kiarabu.

Binamu aliposikia sauti ile alinishika mkono. Alininong'oneza kwamba hiyo ndiyo noti ya buluu, kwamba jazi yote imekaa juu ya noti hiyo, na kumbe ilikuwa hapa Mtambile siku zote. Machozi yalikuwa yanamlenga. Nilimwambia kwamba buluu ya watu wa jazi ni jambo jingine, ina njia yake na watu wake, na hii yetu ina njia yake. Akasema mimi naongea kama mwalimu. Mama akaniuliza baadaye, jikoni, kama mtoto wa kaka yake anaumwa.

Muziki ulikuja baada ya miezi miwili, kwa simu, nikauchapisha shuleni. Niliusoma jioni nzima kwenye meza ya chakula, na kwa kweli sikuhitaji fidla kujua kilichomo. Kila kituko nilichokitaja hapo juu kilikuwemo, kwa utaratibu nilioutaja. Ile sauti ya katikati alikuwa ameiandika kama mtelezo, kidole kianze chini kiteleze kwenda juu. Mama hatelezi. Mama anasimama palepale. Lakini mtelezo ndio unaosikika kijazi, basi wimbo wa mama yangu ukawa unateleza kila baada ya mstari kama mtu aliyevaa kandambili kwenye matope.

Mgeuzo mmoja ulikuwa mzuri. Niseme tu. Ulikuwa wa tano, wa polepole, fidla na besi tu, piano imenyamaza. Besi inashika mapigo ya jazi yaliyotulia, na fidla juu yake inakwenda kwa noti ndefu za Kizungu, na hakuna anayejaribu kufanana na mwenzake. Niliutafutia kasoro nikakosa, na hilo liliniudhi kuliko takataka zote zilizouzunguka, kwa sababu maana yake ni kwamba aliweza na nyingine hakujishughulisha.

Tulifanya mazoezi Jumamosi kwenye darasa langu, chini ya ramani ya mito ya Afrika. Mpiga besi alitoka Unguja, kijana mtulivu aliyesoma noti vizuri na ambaye kila mara binamu alipoanza kueleza falsafa alikwenda nje kuvuta sigara. Piano ilikuwa kinanda cha umeme cha skuli, na binamu alikipiga mwenyewe. Macho bado alikuwa anayafumba mahali palepale.

Tuligombana kwenye mgeuzo wa sita. Juu yake alikuwa ameandika kwamba upigwe kwa uhuru kamili, kama ubunifu wa papo kwa papo. Chini yake alikuwa ameandika kila noti. Kila noti, kila mkwaruzo, kila pumziko, hata mahali ambapo mpigaji anatakiwa kuonekana anasitasita. Ukurasa mzima ulikuwa mweusi. Nikamuuliza uhuru uko wapi. Akasema uko kwenye upigaji. Nikamwambia watu wa jazi ninaowasikia mimi wakifika hapo huachiwa nafasi tupu, kama sisi tunavyomwachia mpiga udi kabla ya wimbo kuanza, akatangatanga mwenyewe anavyotaka. Nikamwomba anifutie noti zake, niachie sehemu ile, nitajua la kufanya. Taksimu, ndilo jina la kutangatanga huko, nimezipiga toka ujana.

Alikataa. Akasema kazi ni kazi, ina muundo wake, haiwezi kubadilika kila siku kwa kutegemea mpigaji ameamkaje.

"Wewe piga kama hujui kinachofuata," alisema.

"Lakini nakijua. Umekiandika."

"Ndiyo. Sasa piga kama hukijui."

Mtu huyu alikuwa amewaogopa wapigaji wa jazi kwa ule uhuru wao, na amewaogopa wapigaji wa klasiki kwa ile nidhamu yao, akatafuta mahali ambapo hatahitaji kumwamini yeyote. Na mahali hapo akapaita mchanganyiko. Niliamua siku hiyohiyo kwamba atapata hasa alichokiandika, wala sitaongeza hata pumzi.

Onyesho lilikuwa Chake Chake, ukumbini, baada ya Alasiri. Walikuja maofisa, wakaja wageni wa hoteli za kaskazini na kofia zao, wakaletwa wanafunzi waliofurahi kutoka darasani. Mama alikaa mstari wa mbele na baibui lake jipya, na nyuma yake wale wanawake watatu wa Mtambile, ambao binamu mwenyewe aliwaalika kwa ajili ya picha. Ofisa mmoja alihutubia kwa muda mrefu kuhusu utalii wa utamaduni. Alimsifu binamu kwa kuipeleka fidla ya Pemba duniani, huku akiishika fidla yangu shingoni kama kuku anayekwenda kuchinjwa. Karatasi waliyogawiwa wageni ilieleza kwamba wimbo huu ni maombolezo ya kale ya wanawake wa kisiwani, yenye huzuni isiyosemeka.

Nikaanza na wimbo wenyewe, peke yangu. Kwenye ile sauti ya katikati niliikataa karatasi mara hiyo moja, nikasimama panaposimamwa. Wanawake wa Mtambile wakautambua palepale. Mmoja akanong'ona ubeti wa masufuria, mwingine akamalizia wa paka, na wote watatu wakaangua kicheko. Wageni waligeuka wakawatazama kwa masikitiko, watu wanaocheka kwenye maombolezo. Bibi mmoja wa kofia akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha. Wakanyamaza, wakaingiza mitandio mdomoni, mabega yanatetemeka. Nadhani ndiyo dakika pekee jioni ile ambapo wimbo ule ulipigwa kwa watu wake.

Migeuzo ikaendelea. Ya kwanza niliipiga kwa usafi alionifundisha yule mwalimu wangu asiyecheka. Ya jazi niliichechemesha ilivyoandikwa. Wa tano niliupiga kwa moyo, kwa sababu ulistahili, na kijana wa besi aliufanya mzuri zaidi ya ulivyokuwa karatasini. Wakati wa mgeuzo huo ukumbi mzima ulikuwa unapekua simu.

Ukafika wa sita. Niliupiga kama karani anayenakili barua. Kila noti mahali pake, kwa urefu wake, kwa uzito wake. Mahali palipoandikwa nisitesite nilisitasita kwa hesabu kamili. Sikufumba macho, sikuyumba, sikuweka hata tone la kitu changu. Nilisoma ukurasa ule mweusi kutoka juu hadi chini kwa dharau yote niliyonayo, na nilipomaliza nikasubiri aone aibu.

Walisimama. Wageni walisimama katikati ya kazi, mgeuzo wa mwisho haujaanza, wakapiga makofi na miluzi. Binamu aliondoka kwenye kinanda akaja kunishika bega, na safari hii machozi hayakumlenga tu, yalimtiririka. Yule bibi wa kofia alinifuata baadaye akaniambia kwa Kiingereza kwamba hajapata kumwona mtu akipiga kwa uhuru kiasi kile, kwamba ilikuwa kama sijui mwenyewe nitakwenda wapi. Nilimshukuru. Ukitaka kujua thamani ya makofi, kawape watu kitu usichokiheshimu halafu uwatazame.

Mgeuzo wa mwisho, wa mbio, niliumaliza kwa sababu ulikuwepo.

Njiani kurudi Mtambile mama alikaa mbele, nikamuuliza ameonaje. Nilitegemea atasema wimbo wake umeharibiwa. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumkubalia.

"Ile ya mwisho ndiyo nzuri," alisema. "Ile ya mbio."

Nikamwambia ile ni sarakasi tu, mama, ni vidole.

"Nnaona. Vidole vyako vilikuwa havionekani. Zile za polepole nnazijua miye, naimba kila siku."

Nilitazama mikarafuu inayopita dirishani na nikawaza kwamba hata yeye amependa sarakasi.

Binamu akaondoka na shali lake. Baada ya miezi kadhaa akaniandikia kwamba kazi itarekodiwa Ulaya, na kwamba kwa sababu ya mambo ya safari na ratiba fidla itapigwa na mwanamke wa hukohuko, mpigaji mashuhuri. Alitumia maneno mengi ya pole. Nilimjibu kwa neno moja, kheri. Mume wangu alidhani nimeumia, akaninunulia pweza. Sikuwa nimeumia. Nilifurahi kumwachia mwingine mzigo ule wa mitelezo.

Rekodi ilipotoka alituma kwangu na kwa mama pia, kwenye simu. Yangu niliisikiliza mara moja, jikoni, nikisubiri mafuta yachemke. Mwanamke yule anateleza kila palipoandikwa ateleze. Wa tano kauharakisha, sijui alikuwa anawahi wapi. Lakini wa sita niliusikiliza na kijiko mkononi, na mafuta yakaungua. Noti ni zilezile, nilizifuata moja moja kichwani, hakuongeza hata moja. Na bado ungeapa anazitunga palepale, kwamba kila moja inamshangaza mwenyewe. Sijui amefanyaje. Nilizima simu nikasema kwa sauti, hakuna mtu jikoni, kwamba ni ujanja wa studio.

Wiki ile nilikwenda Mtambile kumtazama mama. Nilimkuta uani na majirani, na majamvi ya karafuu juani, na simu juu ya kinu inapiga migeuzo kwa sauti ya juu kabisa. Mgeuzo wa mwisho ulikuwa unamalizika. Mama aliponiona akainyooshea simu mkono kwa fahari.

"Huyo mwanangu huyo," aliwaambia.

Majirani wakanisifu, wakaniuliza kama vidole haviumi. Nikawajibu wanavyojibiwa watu. Walipoondoka nilikaa karibu na mama nikamweleza. Nilimwambia kwamba anayesikika mle si mimi, ni mwanamke wa Kizungu, hata sijapata kumwona.

"Si weye?"

"Si mimi, mama."

Alichukua simu akaurudisha mgeuzo ule mwanzo. Tuliusikiliza wote hadi mwisho, sisi wawili, na mama hakuchezesha hata mkono. Ulipokwisha aliiweka simu juu ya kinu, uso chini.

"Ndiyo maana," alisema. "Miye nikajiuliza, mbona mwanangu siku hizi kafurahi."

Nilianza kumweleza kuhusu mitelezo, na jinsi mwanamke yule alivyouharibu wa tano. Alinisikiliza kwa adabu ileile aliyomsikilizia binamu. Kisha akatazama juu, akasema wingu linakuja kutoka upande wa Mkoani, nimshikie ncha ya pili ya jamvi. Nikainuka nikalishika, tukaanza kuziingiza karafuu ndani.